Mtungi, Chupa na Ziwa: Jinsi Mvuke Unavyobeba Joto na Kuleta Mvua

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki vipo vyombo viwili ambavyo hulowa kwa nje bila ya mtu yeyote kuvimwagia maji. Cha kwanza ni mtungi wa udongo uliowekwa kivulini. Cha pili ni chupa ya soda iliyotolewa sasa hivi katika jokofu. Mtu akipitisha kidole juu ya mtungi, kidole hulowa; akikipitisha juu ya chupa, hulowa vilevile. Wanafunzi wakiulizwa sababu, wengi hujibu kwamba vyombo vyote viwili vinatoa jasho.

Jibu hilo ni sahihi kwa mtungi, lakini kwa chupa ni kosa. Maji yaliyo juu ya mtungi yametoka ndani ya mtungi. Maji yaliyo juu ya chupa hayakutoka ndani ya chupa hata kidogo. Yametoka katika hewa. Mtungi unapoteza maji na kwa sababu hiyo unapoa. Chupa inapata maji na kwa sababu hiyo inapata joto. Ni matukio mawili yanayokwenda kinyume, ingawa kwa macho yanafanana kabisa.

Anayeelewa tofauti hiyo amekwisha kushika ufunguo wa jambo kubwa zaidi. Kanuni inayotawala mtungi na chupa ndiyo inayotawala Ziwa Viktoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Kanuni hiyo husaidia kueleza kwa nini Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya ile ya Mwanza, kwa nini dhoruba huwakuta wavuvi ziwani usiku wa manane, na kwa nini ziwa lililokuwa limepungua sana mwaka 2006 liliingia katika nyumba za watu mwaka 2020.

MVUKE HALISI HAUONEKANI

Yafaa kwanza kusahihisha neno. Katika mazungumzo ya kila siku, moshi mweupe utokao kwenye mdomo wa birika huitwa mvuke. Kwa lugha ya sayansi, weupe ule si mvuke, bali ni matone madogo mno ya maji. Mvuke wenyewe ni gesi, nao hauna rangi wala hauonekani. Mwenye kutazama kwa makini birika lichemkalo ataona kwamba kati ya mdomo wa birika na mwanzo wa ule weupe pana nafasi ndogo iliyo wazi. Mvuke halisi umo katika nafasi hiyo. Ukisogea mbele kidogo hukutana na hewa baridi, hugeuka matone, na hapo ndipo jicho huuona.

Mvuke umo katika hewa yote inayotuzunguka, lakini hewa haiwezi kuwa na mvuke bila ya kikomo. Kikomo hicho hutegemea halijoto. Kwa nyuzi 30 za Sentigredi, mita moja ya ujazo huweza kuwa na mvuke wa takriban gramu 30. Kwa nyuzi 20 kikomo ni takriban gramu 17, na kwa nyuzi 10 ni gramu 9 hivi. Hewa iliyofikia kikomo chake husemwa kuwa imeshiba mvuke.

Chukua mfano wa darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita 144 za ujazo. Ikiwa halijoto ni nyuzi 30, na hewa ina asilimia 60 ya mvuke iwezayo kuwa nao, basi ndani ya darasa hilo mna maji yapatayo lita 2 na nusu yanayoelea bila ya kuonekana na mtu yeyote.

Sasa siri ya chupa ya soda inafichuka. Hewa inayogusa kioo baridi hupoa. Inapopoa, kikomo chake hushuka, na mvuke uliozidi kikomo hulazimika kugeuka maji juu ya kioo. Tendo hilo huitwa utoneshaji. Umande wa alfajiri juu ya majani hutokea kwa njia hiyohiyo: usiku majani hupoteza joto lake kuelekea angani, nayo hewa inayoyagusa hupoa mpaka ikashiba.

GHARAMA YA KUWA MVUKE

Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana. Maji ya mtungi hupenya polepole katika vitundu hivyo mpaka yakafika nje, na huko hugeuka mvuke. Tendo hilo la pili ni uvukizaji. Maji hayahitaji kuchemka ili yavukike. Nguo huanikwa na kukauka bila ya kuchemshwa. Molekuli za maji haziendi kwa mwendo mmoja. Zile zenye kasi kubwa zaidi huchomoka juu ya maji na kuingia hewani, na zinazobaki nyuma ni zile zenye kasi ndogo. Kwa kuwa halijoto ni kipimo cha mwendo huo wa molekuli, maji yaliyobaki hupoa.

Kila gramu moja ya maji inayovukika huchukua nishati nyingi kuliko watu wengi wanavyodhani. Ili kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi 1, huhitajika jouli 4.2 hivi. Lakini ili kuigeuza gramu hiyohiyo kuwa mvuke katika halijoto ya nyuzi 30, huhitajika takriban jouli 2,430. Nishati hiyo haipandishi kipimajoto hata kidogo, na ndiyo maana wanafizikia huiita jotofiche.

Jambo hili lilichunguzwa na Joseph Black katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi, katika miaka ya 1760. Aliona kwamba maji yaliyowekwa juu ya moto usiobadilika hupanda joto upesi mpaka yakachemka, kisha kipimajoto husimama palepale, hali moto ungali unawaka. Mwanafunzi aweza kufanya hesabu mwenyewe: sufuria ya maji inayohitaji dakika 10 kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka, itahitaji zaidi ya saa nzima kukauka kabisa juu ya moto uleule.

Tukirudi kwa mtungi: ikiwa mtungi una lita 10, na gramu 100 tu zikavukika, yaani maji yasiyofika nusu ya bilauri, joto litakaloondoka latosha kupoza maji yaliyosalia kwa karibu nyuzi 6, iwapo hakuna joto jingine linaloingia. Katika hali halisi joto la nje huingia kidogo kidogo, kwa hiyo upoaji huwa pungufu ya huo. Aidha, mtungi hupoza vizuri Dodoma wakati wa kiangazi kuliko Tanga wakati wa masika. Hewa kavu hupokea mvuke kwa urahisi. Hewa iliyokaribia kushiba haina nafasi.

Kanuni ya pili ni mwenzi wa ile ya kwanza: joto lililochukuliwa wakati wa uvukizaji halipotei. Limo ndani ya mvuke, na mvuke unapogeuka matone, joto lote hurudishwa. Kwa hiyo chupa ya soda iliyolowa hupata joto upesi kuliko ambavyo ingepata katika hewa kavu yenye halijoto ileile. Mvuke, basi, ni mchukuzi. Hubeba joto kutoka mahali maji yanapovukika, na kulitua pale yanapotonea.

KUTOKA MVUKE HADI WINGU

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mwanasayansi huuliza swali linalofuata: na dalili ya mawingu ni nini? Watu wengi hujibu kwamba ni wingi wa mvuke. Lakini hewa ya pwani mwezi Februari huwa na mvuke mwingi, na hata hivyo siku nyingi hupita bila ya tone la mvua. Mvuke peke yake hautoshi. Ni lazima hewa ipoe, na njia kubwa ya kupoza hewa ni kuipandisha juu.

Hewa inapopanda, hukuta kanieneo iliyo ndogo, nayo hutanuka. Hewa inayotanuka hupoa. Mwenye baiskeli anaijua kanuni hii kwa pande zote mbili: pampu inayobana hewa hupata moto mkononi, na hewa inayotoka kwa kasi katika tairi ni ya baridi. Hewa ambayo haijashiba hupoa kwa takriban nyuzi 10 kwa kila kilomita 1 inayopanda. Ikifika kimo ambacho imeshiba, wingu huanza. Ndiyo sababu mawingu mengi huwa na kitako kilichonyooka kama sakafu: huo ndio mpaka wa kimo cha kushiba.

Matone nayo huhitaji kitu cha kushikilia. Chupa inatoa kioo chake, na jani linatoa ngozi yake. Angani kazi hiyo hufanywa na chembe za vumbi, moshi na chumvi ya bahari. John Aitken wa Uskochi alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba hewa iliyochujwa vumbi haifanyi ukungu kwa urahisi hata ikiwa na mvuke wa kutosha. Tone la wingu huwa na kipenyo cha karibu sehemu mbili za mia za milimita. Tone la mvua la milimita 2 lina kipenyo mara 100 zaidi, kwa hiyo lina maji ya matone ya wingu yapatayo milioni moja.

Mara tu utoneshaji unapoanza, jotofiche hurudishwa ndani ya wingu. Hewa hiyo sasa haipoi upesi kama awali, hubaki na joto kuliko hewa iliyo kandokando yake, na kwa hiyo huzidi kupanda. Hiyo ndiyo nguvu inayosukuma wingu la radi kwenda juu kilomita nyingi. Mtambo wa dhoruba huendeshwa kwa joto lilelile lililochukuliwa na maji siku yalipovukika.

ZIWA MCHANA NA USIKU

Ziwa Viktoria hupoteza kwa uvukizaji tabaka la maji la milimita 4 hivi kila siku kwa wastani. Kwa eneo lote la ziwa, hizo ni tani milioni 275 za maji kwa siku moja. Nishati inayohitajika kuyavukiza ni sawa na megawati milioni 7 na zaidi zinazofanya kazi mchana na usiku. Kituo cha umeme cha Julius Nyerere katika mto Rufiji kilijengwa kuzalisha megawati 2,115. Ingehitajika zaidi ya vituo 3,500 vya namna hiyo kufanya kazi ambayo jua huifanya juu ya ziwa kimyakimya.

Mvuke huo, pamoja na ule uletwao na pepo kutoka Bahari ya Hindi, hunyesha wapi? Hapo ndipo tofauti kati ya maji na ardhi inapoingia. Ardhi hupata joto upesi na kulipoteza upesi. Maji ya juu ya ziwa hukaa karibu na nyuzi 25 usiku na mchana.

Mchana ardhi huwa na joto kuliko ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja kujaza nafasi yake. Mawingu hukua juu ya vilima, na anga ya ziwa huwa nyeupe. Alasiri katika nyanda za juu za Kericho na Kisii, mashariki ya ziwa, mvua ya radi ni jambo la kawaida, na wakulima wa chai wa Kericho wanaijua sana mvua ya mawe.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, ziwa hubaki na joto. Sasa upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na kwa kuwa ziwa limezungukwa na ardhi pande zote, pepo hizo hukutana katikati. Hewa zilizokutana hazina pa kwenda ila juu. Zinapanda zikiwa zimejaa mvuke wa ziwa lenye joto, na baada ya usiku wa manane mawingu makubwa ya radi husimama juu ya maji.

Mkutano huo haukai mahali pamoja. Pepo kuu za ukanda huu huvuma kutoka upande wa mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, nazo huyasukuma mawingu ya usiku kuelekea magharibi. Kwa sababu hiyo pwani ya magharibi na visiwa vya Sese hupata mvua nyingi, mara nyingi asubuhi. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mwanza, iliyo kusini mwa ziwa, hupata kama milimita 1,000. Maji ya ziwa wanayoyatazama wakazi wa miji hiyo ni yaleyale. Kilicho tofauti ni mahali ambapo hewa hupandishwa.

Jambo hili si la vitabuni tu. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa zinazovuta samaki. Kwa hiyo saa za kazi yao ndizo saa za dhoruba. Mvuvi aliyetoka pwani jioni, mbingu zikiwa safi na upepo ukiwa shwari, aweza kudhani kwamba usiku utakuwa mwema. Lakini utulivu wa jioni ni mwisho wa upepo wa mchana tu, wala si ahadi ya usiku. Hata umeme unaomweka mbali, upande wa mashariki, wastahili kuogopwa, kwa kuwa wingu lake huenda likafika. Ni wajibu wa shule zilizo kandokando ya ziwa kuwafundisha vijana kanuni hii, pamoja na desturi ya kusikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla chombo hakijaondoka pwani.

DAFTARI LA ZIWA

Ziwa lina daftari la mapato na matumizi. Watu wengi hudhani kwamba mapato makubwa ni mito, na matumizi makubwa ni mto Nile utokao Jinja, Uganda. Sivyo. Karibu sehemu 8 katika kila 10 za maji yanayoingia ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, Kagera ukiwa ndio mkubwa, huleta zilizobaki. Na katika kila sehemu 10 zinazotoka, zaidi ya 7 huenda hewani. Nile hupata salio.

Daftari la namna hii ni jepesi kutikisika. Mvua ya ziwani ikizidi kwa robo katika mwaka mmoja, hilo ni ongezeko la karibu milimita 400, na ziwa laweza kupanda kwa karibu nusu mita hata kabla ya kuhesabu mito. Ndivyo ilivyotokea baada ya mvua kubwa za mwaka 1961: kufikia mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2006, baada ya ukame na baada ya maji mengi kufunguliwa katika mabwawa ya Jinja, lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuonekana kwa takriban miaka 80. Kisha mwishoni mwa mwaka 2019 sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi ilikuwa na joto lisilo la kawaida, mvuke mwingi uliletwa bara, na kufikia Mei 2020 ziwa lilifikia alama ya mwaka 1964. Nyumba, mialo na mashamba ya ufukweni yaliingiliwa na maji katika nchi zote tatu.

Funzo lake ni wazi. Ufuko wa ziwa si mpaka uliochorwa milele. Aliyejenga juu ya mchanga uliokauka mwaka 2006 alijenga juu ya sehemu ya ziwa iliyokuwa imeazimwa na hewa. Aidha, kikomo cha mvuke hupanda kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya ongezeko la halijoto. Kadiri dunia inavyozidi kupata joto, uvukizaji utazidi, na dhoruba zitakuwa na mvuke mwingi zaidi wa kuziendesha. Daftari la ziwa litaandikwa kwa tarakimu kubwa zaidi pande zote mbili.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Mizani ya mtungi na bilauri. Jaza maji katika mtungi mdogo wa udongo usiopakwa rangi, na ungoje mpaka ulowe kwa nje. Katika bilauri tia maji yenye barafu na matone machache ya wino, kisha ukaushe nje. Pima uzito wa vyombo vyote viwili mara moja, na tena baada ya nusu saa. Mtungi utakuwa umepungua. Bilauri itakuwa imeongezeka, iwapo hewa si kavu sana. Tazama pia kwamba maji yaliyo nje ya bilauri hayana rangi ya wino.

2. Vipimajoto viwili. Funga pamba iliyolowa kwenye tungi la kipimajoto kimoja na uache kingine kikavu. Vipepee vyote kwa daftari dakika 5, kisha usome. Rudia jaribio wakati wa kiangazi na wakati wa masika, na ulinganishe tofauti zilizopatikana.

3. Wingu katika chupa. Tia maji ya uvuguvugu kidogo katika chupa ya plastiki iliyo laini. Ingiza moshi wa njiti ya kiberiti iliyozimwa, funga, kisha minya kwa nguvu na uachie ghafla. Ukungu utatokea kila unapoachia na kutoweka kila unapominya. Jaribu tena bila ya moshi, uone kama ukungu utapatikana kwa urahisi uleule.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtu aliyetoka kuoga huona baridi zaidi akisimama penye upepo, hata kama upepo wenyewe ni wa joto?

2. Kama Ziwa Viktoria lingekuwa na maji baridi ya nyuzi 10, dhoruba zake za usiku zingekuwaje? Eleza.

3. Mtu asema kwamba bwawa pana lenye kina kifupi na bwawa jembamba lenye kina kirefu, yenye ujazo sawa, yatahifadhi maji sawa wakati wa kiangazi. Je, asema kweli? Tumia mfano wa mtungi kumjibu.